Glavu ya Kukulia

Mwaka 1895 wakuu wa National League, ligi kongwe ya besiboli ya kulipwa nchini Marekani, walipitisha kanuni ambayo kwa mtu asiyeujua mchezo huo inashangaza: walipunguza glavu. Mchezaji wa besi ya kwanza na mdakaji, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea kila mpira uliomponyoka, waliachwa wavae ya ukubwa wowote. Wengine wote waliambiwa glavu zao zisizidi uzito wa aunsi 10, karibu gramu 280, wala mzunguko wa inchi 14 kwenye kiganja, karibu sentimita 36. Sababu ilionekana uwanjani kwa macho. Lave Cross, aliyekuwa mdakaji kabla ya kuhamia besi ya tatu, alihama na glavu yake nene ya udakaji, na haikuhitaji utabiri kujua kwamba wengine wangemwiga. Kifaa hicho kilikuwa hakijatimiza hata miaka 20 tangu kianze kuvaliwa bila aibu, na tayari kilikuwa kinahitaji kuwekewa mpaka.

Naanza na kanuni hiyo kwa sababu historia ya glavu husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya kukua tu: palikuwa na mkono mtupu, ikaja ngozi nyembamba, ikaja pedi, likaja dude la kisasa linalofunika nusu ya kifua. Mzazi wa Kimarekani anayeingia dukani majira ya kuchipua kumnunulia mwanawe wa miaka saba glavu ya kwanza ameimeza hadithi hiyo hata kama hajawahi kuisikia. Anachagua kubwa, kwanza kwa kuwa kubwa inaonekana itadaka zaidi, pili kwa kuwa mtoto ataikulia, kama sisi tunavyonunua viatu vya shule vinavyopwaya tukajaza pamba mbele. Hoja yangu ni kwamba historia hiyo, ikisomwa hatua kwa hatua, haimpi haki mzazi huyo. Kilichoboresha udakaji ni uwezo wa mkono kuifunga glavu, na kila mara ukubwa ulipoupita uwezo huo, ama kanuni ziliuzuia ama wachezaji wenyewe waliukimbia. Mtoto ndiye mchezaji ambaye uwezo huo wa kufunga ni mdogo kuliko wa wote.

Mikono mitupu kwanza. Besiboli ya katikati ya karne ya 19 ilichezwa bila glavu, na kanuni zake zilitungwa na watu waliolijua hilo. Hadi mwisho wa msimu wa 1864 mpigaji alihesabiwa ametolewa hata mpira wake ukidakwa baada ya kudunda mara moja, jambo ambalo mchezaji wa leo angeliita la kitoto. Lilikuwa na maana yake: mpira uliodunda umepoteza sehemu ya kasi, na kiganja kinaupokea bila kuchanika. Mrushaji naye alibanwa. Alitakiwa kurusha kwa mkono unaopita chini, kikomo kikapandishwa kidogo kidogo, na ni 1884 tu ndipo National League ilipomwachia arushe kwa kupitisha mkono juu ya bega apendavyo. Mdakaji, kwa miaka mingi, alisimama mbali nyuma ya mpigaji akiusubiri mpira udunde. Mchezo ulikuwa umepunguzwa makali ili ulingane na kiungo cha mwili kilichokuwepo. Msomaji aushike mpangilio huo, maana waanzilishi hawakumwambia mchezaji akomae ndipo aje acheze. Walipoona mpira umeuzidi mkono, waligusa mchezo kwanza.

Kanuni zilipolegea, mikono ndiyo iliyolipa. Doug Allison, mdakaji wa Cincinnati Red Stockings, anatajwa kuwa alivaa glavu za ngozi ya kulungu mwaka 1870 kukinga kiganja kilichoumia. Miaka mitano baadaye Charles Waitt wa St. Louis alisimama kwenye besi ya kwanza akiwa na glavu aliyoichagua kwa rangi: rangi ya ngozi yake mwenyewe, ili watazamaji wasiigundue. Aliyetuachia habari hiyo ni Albert Spalding, mrushaji maarufu wa zama hizo, katika kitabu alichokitoa 1911. Anaeleza kwamba glavu ya Waitt ilikuwa na tundu kubwa la mviringo mgongoni mwake la kupitisha hewa, na kwamba Waitt alipoulizwa alikiri kuona haya kidogo. Spalding mwenyewe alisubiri hadi 1877, alipohamia besi ya kwanza ya Chicago, ndipo akavaa yake, na yeye akachagua nyeusi inayoonekana kutoka mbali. Ni vyema kukumbuka kwamba mwaka mmoja kabla alikuwa amefungua duka la vifaa vya michezo mjini humohumo. Kulinda mkono na kuuza bidhaa vilianza safari pamoja, na sijaona kama vimewahi kuachana.

Tuitazame glavu hiyo kwa karibu, kwa sababu umbo lake linaeleza kazi yake. Ilikuwa ngozi nyembamba, vidole vingi vimekatwa nusu, na wachezaji wengi walivaa mikono yote miwili ili waweze bado kushika na kurusha. Spalding anasema alijikuta anaingiza pedi moja baada ya nyingine hadi maumivu yakapungua. Arthur Irwin wa Providence, alipovunjika vidole viwili vya mkono wa kushoto mwaka 1883, alichukua glavu pana ya kuendeshea farasi, akaijaza pedi, akavishona pamoja vidole viwili vilivyoumia ili vikae chumba kimoja, akarudi uwanjani. Mwishoni mwa muongo huo ikaja glavu maalumu ya mdakaji, nono na isiyogawanyika vidole, ambayo Harry Decker na Joe Gunson kila mmoja ana watu wa kumtetea kuwa ndiye mwanzilishi. Vyote hivi vilikuwa ngao. Mpira ulidakwa kwa mikono miwili kama zamani. Ngozi ilikuwa katikati tu, ikipunguza kishindo.

Hapa ndipo watetezi wa mikono mitupu husimama, na wana shahidi mzuri. John McPhee, ambaye kila mtu alimwita Bid, alicheza besi ya pili ya Cincinnati kuanzia 1882, na wakati wenzake wote wa nafasi hiyo walikuwa wameshavaa ngozi, yeye aliendelea kudaka kwa viganja alivyovikomaza hadi vikawa sugu. Aliingia msimu wa 1896 akiwa na glavu kwa mara ya kwanza baada ya kuumia kidole. Kama mtu anaweza kudumu zaidi ya miaka kumi kwenye nafasi ngumu kama ile bila kitu mkononi, kwa nini tumfunge mtoto ngozi? Jibu liko katika takwimu za McPhee mwenyewe: mwaka uleule alipovaa glavu alishughulikia bila kosa takriban mipira 98 katika kila 100, kiwango ambacho mchezaji wa besi ya pili alikuwa hajawahi kukifikia. Bingwa wa mikono mitupu alikuwa bora zaidi alipoiacha. Na kwa jumla, katika msimu wa kwanza wa National League, 1876, timu zilikosea zaidi ya mpira mmoja katika kila kumi; leo makosa hayafiki mawili katika kila mia.

Kuna shahidi mwingine ambaye watetezi hao humsahau. Moses Fleetwood Walker alikuwa mdakaji wa Toledo mwaka 1884, Mmarekani Mweusi aliyecheza ligi kuu zaidi ya miaka 60 kabla ya Jackie Robinson, anayekumbukwa kwa kuvunja ubaguzi wa rangi wa ligi hizo, na mara nyingi alidaka kwa mikono mitupu. Mrushaji wake, Tony Mullane, alikuja kukiri miaka mingi baadaye kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliofanya nao kazi, ila kwa kuwa alikuwa Mweusi, yeye Mullane alikataa kufuata ishara zake na kumrushia chochote alichotaka. Mdakaji hutoa ishara ili ajue kinachokuja. Walker aliwekwa mbele ya mrushaji mwenye nguvu, bila ngozi ya maana kiganjani na bila kujua mpira utapinda wapi. Aliumia tena na tena msimu ule, na kabla haujaisha alikuwa nje ya timu. Anayeusifu mkono mtupu kwamba ulijenga wanaume aisome habari hii yote. Hata mkono hodari kuliko yote unahitaji ama ulinzi ama kujua mpira unakotoka, na mtoto wa miaka saba, ambaye macho yake bado yanajifunza kuusoma mpira ulioko hewani, hana uhakika wa hilo la pili. Glavu anaihitaji. Swali ni glavu ya namna gani.

Jibu lilianza kupatikana karibu na 1920, na halikuwa na uhusiano na pedi. Bill Doak, mrushaji wa St. Louis Cardinals, mmoja wa wale 17 walioruhusiwa kuendelea kuupaka mpira mate baada ya hila hiyo kupigwa marufuku, alikwenda kwa kampuni ya Rawlings ya mjini humohumo na wazo dogo. Hadi wakati huo nafasi kati ya kidole gumba na kidole cha shahada ilikuwa wazi, au iliunganishwa kwa kipande kimoja cha ngozi. Doak alipendekeza ifumwe wavu wa kanda nyembamba za ngozi unaoweza kukazwa na kulegezwa, na kiganja kitengenezwe kiwe na mfuko. Mpira haukutakiwa tena kutua katikati ya kiganja, mahali panapouma. Ulitakiwa utue kwenye wavu, na glavu ijikunje juu yake. Ngao ikawa mtego. Glavu ya Doak iliuzwa kwa zaidi ya miongo mitatu, na kila glavu iliyotengenezwa baadaye ni mjukuu wake. Harry Latina, mbunifu aliyeitumikia Rawlings kwa karibu miaka 40 tangu 1922, alitumia kipaji chake chote kuongeza kina cha mfuko na kutafuta glavu ivunjikie wapi inapofungwa. Kampuni ya Wilson ya Chicago ilipotoa glavu yake ya A2000 mwaka 1957, wachezaji walipokea glavu pana, ni kweli, lakini ujazo wa pedi ulikuwa umepungua na sehemu ya kujikunja ilikuwa imeandaliwa kiwandani.

Nasisitiza hapa kwa sababu mapokeo ya madukani bado yamekwama kabla ya Doak. Baba akiminya pedi ya kiganja na kusema hii ni nene, itamlinda, anainunua ngao ya 1890. Glavu ya leo humlinda mtoto kwa njia nyingine kabisa: inaukamata mpira nje ya kiganja na kuufungia. Isipofungika, hailindi. Mpira unaogonga ngozi ngumu iliyotanuka kama sinia hauishii pale. Unaruka, na uso wa mtoto ndio ulio juu yake. Kwa hiyo pingamizi kwamba glavu ndogo na nyembamba inampunguzia mtoto usalama lina mantiki kwa kifaa cha Arthur Irwin. Kwa kifaa kilichopo dukani limepitwa na wakati.

Ushahidi mzuri zaidi wa jambo hili unatoka mahali ambapo mtu asingeutarajia, yaani kwa wadakaji, wenye glavu nono kuliko wote. Mwaka 1960 Baltimore ilikuwa na Hoyt Wilhelm, bingwa wa mpira usiozunguka, ule unaoyumba hewani hadi aliyeurusha mwenyewe hajui utatua wapi. Wadakaji wake waliteseka. Kocha Paul Richards akaagiza glavu kubwa mno, ya mzunguko wa zaidi ya inchi 40, na Clint Courtney akawa wa kwanza kuivaa uwanjani. Ilizuia mipira mingi iliyokuwa inapita. Ila kuzuia siyo kudaka: mpira ukiingia ndani ya blanketi la ngozi kama lile, mkono wa kurushia unapaswa kuutafuta, na wakati unautafuta mkimbiaji ameshaiba besi. Kuanzia 1965 kanuni ziliweka kikomo cha inchi 38. Miaka ileile Randy Hundley wa Chicago na baada yake Johnny Bench wa Cincinnati walifuata njia iliyo kinyume: glavu yenye mkunjo, inayofunga kwa mkono mmoja. Ghafla mdakaji aliweza kuuficha mkono wake wa kurushia nyuma ya mguu au mgongo, mbali na mpira, na vidole vilivyokuwa vikivunjika tangu enzi za Walker vikapona. Pedi za miaka 80 hazikuwa zimeweza kufanya hivyo. Mkunjo uliweza kwa misimu michache.

Sasa mtu atauliza: mbona wachezaji wa nje, wale wanaokimbilia mipira mirefu, wanavaa glavu za inchi 12 na robo tatu, na kanuni zinawaruhusu hadi 13? Je, hao hawathibitishi kwamba kubwa ni bora? Wanathibitisha kwamba kubwa ni bora kwa mtu mzima mwenye kiganja kipana na mkono wenye nguvu, ambaye ana muda wa kutosha kati ya kudaka na kurusha, na anayehitaji inchi moja zaidi ya urefu anaporuka ukutani. Tazama wenzao wa ndani, ambao mpira huwafikia kwa kasi na lazima utoke kwa kasi: hao, wakiwa huru kuchagua, huchagua za inchi 11 na kidogo. Joe Morgan, mchezaji wa besi ya pili wa Cincinnati, alijulikana kwa kuvaa glavu ndogo kama ya mtoto, na alitunukiwa tuzo ya udakaji ya Gold Glove mara tano mfululizo kuanzia 1973. Makocha wa leo wamekwenda mbali zaidi. Wanawafundisha vijana wa ndani kwa glavu bapa ya mazoezi, isiyo na mfuko, ambayo Charles Waitt angeitambua mara moja. Wanamrudisha mtoto 1875 kwa nusu saa, makusudi, ili mikono yake miwili ijifunze kupokea kabla ya ngozi kumfanyia kazi. Kama ukubwa ungekuwa ndio mwalimu, zoezi hilo lisingekuwa na maana.

Kwa upande wa watoto wenyewe, historia ilipata mtu aliyeona jambo hili wazi, ingawa yeye alilitazama kupitia uwanja. Carl Stotz, karani wa Williamsport, Pennsylvania, aliwakuta watoto wa mji wake wakicheza kwenye viwanja vya watu wazima na kushindwa. Mrusho wao haukufika, miguu yao haikufika. Mwaka 1938 alianza kuwakimbiza wapwa zake na watoto wa jirani kwenye nyasi, akisogeza besi mbele na nyuma, akitafuta umbali ambao mkimbiaji na mpira vingefika karibu kwa pamoja. Alisimama kwenye futi 60, theluthi mbili ya futi 90 za wakubwa, na mwaka 1939 timu tatu zikaanza kucheza kile tunachokiita Little League. Leo mrushaji wa ligi hiyo anasimama futi 46 kutoka kwa mpigaji, badala ya futi 60 na inchi 6 za ligi kuu. Stotz hakusema watoto wataukulia uwanja. Alifanya walichofanya wale waanzilishi wa mikono mitupu: aliupunguza mchezo ulingane na mwili. Inashangaza kwamba mzazi yuleyule anayekubali uwanja wa theluthi mbili, goti kwa goti na wazazi wenzake kwenye benchi, anampeleka mwanawe katika uwanja huo na glavu ya mtu wa miaka ishirini.

Lakini haki lazima itendeke kwa upande wa pili, maana kuna kitu kimoja ambacho Stotz hakukipunguza: mpira. Mpira wa Little League una mzunguko uleule wa inchi 9 hadi 9 na robo na uzito uleule wa zaidi kidogo ya aunsi 5, karibu gramu 145, kama wa ligi kuu. Kwa hiyo udogo nao una sakafu yake. Glavu za plastiki zinazouzwa pamoja na gongo la povu, zenye vidole vilivyosimama kama vya sanamu, ni ndogo kwa urefu na bado hazifungiki. Mpira halisi haukai ndani. Hizo ni mapambo. Wala inchi zilizoandikwa kwenye glavu hazisemi yote. Kipimo hicho huchukuliwa kuanzia ncha ya kidole cha shahada, kikishuka ndani kupitia mfukoni hadi ukingo wa chini wa kiganja, na watengenezaji kwa kawaida hupendekeza takriban 9 hadi 10 na nusu kwa watoto wa miaka mitano hadi saba, na takriban 10 na nusu hadi 11 na nusu kwa wa minane hadi kumi. Ni mwongozo wa kuanzia tu. Glavu mbili za inchi 11 zinaweza kutofautiana sana: moja ina tundu la mkono lililotengenezwa kwa kiganja cha mtu mzima, na mkono wa mtoto unaogelea humo, nyingine ina vidole vyembamba na ukanda wa kukaza kwenye kifundo, na inatii.

Kipimo kinachofaa kimo katika historia tuliyoipitia, na hakihitaji rula. Glavu hufungika kwa nguvu ya gumba upande mmoja na vidole viwili vya mwisho upande mwingine, vikikutana kuuzunguka mpira uliotua kwenye wavu. Mvalishe mtoto, weka mpira mfukoni, mwambie aufunge, kisha aigeuze glavu chini juu. Mpira ukianguka, aidha ngozi ni ngumu au glavu ni kubwa, na muuzaji hana maelezo ya kubadilisha hilo. Ngozi ngumu inaweza kulainishwa kwa kuikanda, kwa mafuta kidogo, kwa kufunga mpira ndani yake usiku kucha kama wafanyavyo Wamarekani vizazi na vizazi, na zaidi ya yote kwa kuichezea. Ukubwa haulainishwi. Mtoto mwenye glavu kubwa hujifunza mambo mawili ambayo baadaye kocha hutumia miaka kuyaondoa: kuupokea mpira kwa kiganja kilichofunguliwa juu kama anayeomba, kwa kuwa hawezi kufunga, na kuukwepesha uso pembeni, kwa kuwa ameshagongwa.

Limebaki pingamizi la fedha, na hilo ndilo lenye uzito wa kweli kuliko yote. Glavu nzuri ya ngozi ni ghali, mkono wa mtoto hauachi kukua, na si kila nyumba inaweza kununua mpya kila baada ya misimu miwili. Nakubali. Lakini glavu ina sifa ambayo bidhaa chache zinayo: iliyotumika vizuri ni bora kuliko mpya, kwa maana mtu mwingine ameshaifanyia kazi ya kuilainisha. Hadi 1954 wachezaji wa ligi kuu waliziacha glavu zao zimelala uwanjani wakati timu yao ikienda kupiga, na hakuna aliyeona ajabu. Ngozi ile ilivumilia jua, umande na kukanyagwa, ikadumu miaka. Glavu ya kaka inayoshuka kwa mdogo wake, ikishuka kwa wakati wake, ni suluhisho la zamani na la uhakika. Kwa mzazi mwenye uwezo wa kununua moja tu, ya inchi 11 iliyokwisha kulainika itamfaa mtoto kwa miaka zaidi ya ile ya 12 inayokaa kabatini ikisubiri mkono ukue, au mbaya zaidi, inayokwenda uwanjani kumfundisha kuogopa.

Pingamizi hili linafika hadi kwetu. Timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano makuu ya Little League kule Williamsport, mwaka 2012, na Dar es Salaam kuna uwanja wa besiboli kwenye Shule ya Sekondari Azania uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Mchezo huu Afrika Mashariki umesimama kwa kiasi kikubwa juu ya vifaa vya msaada, na mtu mzima anapotoa glavu yake ya zamani hutoa glavu ya mtu mzima. Anayekusanya sanduku la namna hiyo kule Marekani au Japani angefanya vyema kuomba za watoto kwa jina, hata zikiwa chache. Na aulize jambo moja zaidi. Glavu huvaliwa mkono usiorusha, kwa hiyo mtoto wa shoto anahitaji ya mkono wa kulia, na wenye kuzitoa hizo ni wachache kwa kuwa mashoto ni wachache. Asipoipata, atadaka kwa mkono wa kushoto, avue glavu, kisha arushe kwa mkono uleule huku mkimbiaji akipita. Jim Abbott, aliyezaliwa bila kiganja cha kulia, alilifanya hilo kwa ustadi hadi akarusha mchezo mzima bila timu pinzani kupata pigo hata moja, akiwa na timu ya Yankees ya New York mwaka 1993. Abbott alifanya mazoezi hayo tangu utotoni kwa kuwa mwili wake haukumpa njia nyingine. Mtoto wa shoto wa Lugazi au wa Dar es Salaam njia anayo, ilimradi aliyepanga sanduku akumbuke kutia glavu mbili au tatu za kulia.